Uliza Ujibiwe: Pilikapilika za nyumbani na afya ya anayezibeba

Shule zimefunguliwa, Ramadhani inakaribia, na katika barua nyingi za safari hii kuna pia mtoto mchanga au mgonjwa ndani. Waandishi wengi wanasema wameshaambiwa "jitahidi upumzike" na haikuwasaidia. Hapa tumetafuta kile hasa kinachopungua kwa kila mmoja: usingizi, maji, hewa au mikono ya mtu wa pili.

Gari la shule linapita kwetu saa 11:15 alfajiri. Nina watoto watatu, wa miaka 5, 8 na 12. Naamka saa 9:30 kupika na kuwaandaa, na silali kabla ya saa 5 usiku kwa sababu ya kupiga pasi na kukagua kazi za shule. Kichwa kinaniuma karibu kila siku, nawafokea watoto kwa vitu vidogo, na bila Panadol ya mchana siku haiishi. Nifanyeje? – Mama wa watatu, Dar es Salaam

Pole sana, dada. Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 9:30 alfajiri ni saa nne na nusu. Mtu mzima anahitaji zisizopungua saba. Kwa siku tano za shule unapungukiwa saa 12 na nusu, na kulala hadi saa 3 asubuhi siku ya Jumamosi hakuzirudishi. Hasira na kichwa kuuma ni dalili za kawaida kabisa za hali hiyo, kwa hiyo usizichukue kama kasoro ya malezi yako.

Lengo la kwanza liwe kuamka saa 10:30 na kulala saa 4 usiku. Bado ni saa sita na nusu tu, lakini umeongeza saa mbili kila usiku. Zitoke wapi?

Alfajiri ibaki na kazi zisizowezekana wakati mwingine: kupasha chakula, kuchemsha chai, kuvalisha mdogo. Mabegi yafungwe jioni na kupangwa mlangoni, kila begi juu ya viatu vya mwenyewe, soksi zikiwa ndani ya viatu. Soksi moja iliyopotea saa 10:50 inaweza kula dakika kumi na kuamsha nyumba nzima. Wa miaka 12 apige pasi nguo zake mwenyewe, wa miaka 8 ang'arishe viatu vya wote. Sweta haihitaji pasi. Shati likikung'utwa vizuri kabla ya kuanikwa na kukunjwa mara likauke, litahitaji pasi kwenye kola na mbele tu. Kama kila mtoto ana pea mbili za sare, fua Jumatano jioni na Jumamosi, badala ya kufua kidogo kidogo kila usiku. Na umeme ununuliwe Jumapili. LUKU ikiisha saa 10 alfajiri ratiba yote imevurugika.

Kwenye chakula cha kubeba kuna kosa moja tunalolisikia sana: kupika wali usiku, kuuacha mezani ndani ya sufuria, kisha kuupasha alfajiri na kuufungia mtoto. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la Dar, mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Mtoto anatapika saa chache baadaye, pengine akiwa darasani. Mwenye friji autandaze wali kwenye sinia pana upoe haraka, auweke ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita, na asubuhi aupashe hadi utoe mvuke. Asiye na friji aache wali kwa ajili ya nyumbani. Viazi vitamu vilivyomenywa usiku na kulowekwa vinachemka alfajiri wakati watoto wanavaa, na mayai yanaiva kwa dakika kumi jiko hilohilo. Chapati za jioni hukaa vizuri mradi zipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Zikifunikwa za moto, mvuke unazilowesha na zinaharibika mapema.

Mchana lala dakika 20, kwa kengele ya simu, kabla ya saa 9 alasiri. Ukivuka nusu saa utaamka mzito kuliko ulivyolala. Chai ya rangi au kahawa ya mwisho iwe saa 8 mchana, maana baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Sasa Panadol. Mtu mwenye kichwa cha mara kwa mara anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, anaweza kufika mahali ambapo dawa yenyewe ndiyo inayorudisha maumivu. Soma pakiti pia: Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini kwa kila kidonge, na vidonge viwili vya saa 11 jioni vinaweza kukukesha. Ukiacha, tarajia kichwa kuuma zaidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua, kwa hiyo usianzie wiki ya mitihani ya watoto. Nenda kituo cha afya upimwe presha, wingi wa damu na macho. Damu ikiwa pungufu, chai ikae mbali na chakula kwa saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Watoto nao wana upungufu wao. Wa miaka 5 anahitaji saa 10 hadi 13, wa miaka 8 saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa 10:45 na kulala saa 3 usiku anapata saa 7 na dakika 45, kwa hiyo unayemfokea asubuhi naye amechoka kama wewe. Kwa gari la saa 11:15 hesabu hii haitakaa sawa hata upange vipi. Hapo dawa ni shule. Zungumza na wazazi wa mtaa wenu, mwende pamoja kuomba njia ya gari igeuzwe, ili wanaochukuliwa wa kwanza muhula huu wawe wa mwisho muhula ujao. Mzazi mmoja huambiwa "tutaangalia". Wazazi sita husikilizwa.

Natumia dawa za presha. Ramadhani iliyopita, kila ikifika saa 10 alasiri kichwa kiliuma na nikaona kizunguzungu, na ndiyo saa niliyokuwa jikoni nikipika futari ya watu 9. Mabinti wanasema ni presha, jirani anasema ni njaa. Nataka kujiandaa mapema. – Mama wa makamo, Tanga

Shikamoo mama. Vinavyoshukiwa ni vinne, na mara nyingi hutofautishwa kwa kuangalia kichwa kinaanza lini na kinaisha lini.

Kichwa kinachoanza mchana katika siku za mwanzo, kisha kikaisha kabla ya wiki mbili, mara nyingi ni cha kukosa kahawa na chai. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku apunguze kimoja kila baada ya siku mbili, kuanzia wiki moja au zaidi kabla ya mwezi kuandama, abaki na kimoja cha daku.

Kinachoanza muda mfupi baada ya kuingia jikoni, na kupungua ukikaa nje robo saa, ni cha moshi wa jiko la mkaa. Tunauita moshi, ingawa gesi yenyewe, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki. Mkaa ulioshika vizuri na usiotoa moshi hata kidogo bado unaitoa. Dalili kubwa ni kwamba na anayekusaidia anaumwa kichwa. Mvua ndiyo huleta balaa, kwa sababu jiko linaingizwa ndani na madirisha yanafungwa. Washa nje, pikia penye matundu mawili yanayotazamana, na mvua ikinyesha tumia baraza lenye paa badala ya chumba. Aliye jikoni akianza kutapika, kulegea au kuchanganyikiwa, mtoeni nje mara moja na kumpeleka hospitali.

Cha tatu ni maji. Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu mchana, umekunywa kidogo usiku. Glasi nane za mililita 250 zinaweza kugawanywa hivi: mbili za kufuturia, moja na chakula, moja kabla ya tarawehe na moja baada yake, moja kabla ya kulala, mbili za daku. Kunywa lita nzima saa 10 alfajiri hakusaidii, maana sehemu kubwa itatoka kabla ya saa 3 asubuhi. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo asifuate hesabu hii.

Cha nne ni dawa zako. Baadhi ya vidonge vya presha hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na kwa mtu aliyefunga vinaweza kuishusha presha kupita kiasi, hasa anapoinuka ghafla. Kuinuka kutoka kwenye mbuzi ya nazi ni mfano kamili: umekaa chini robo saa, umeinama, kisha unasimama mara moja na macho yanaingia giza. Kaa juu ya kigoda kwanza uhesabu hadi ishirini, ndipo usimame. Nenda kliniki wiki nne au zaidi kabla ya mfungo ukiwa na pakiti zote mkononi, na uulize mambo matatu: ipi ihamie wakati wa futari, ipi wakati wa daku, na kama inayomezwa mara tatu inaweza kubadilishwa na ya mara moja. Usizihamishe mwenyewe. Uulize pia kama kufunga kunakufaa mwaka huu. Ruhusa ya mgonjwa imo kwenye Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, na haina haja ya kuonewa aibu.

Kisha upime nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu. Kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, andika zote. Wengi hupima wakiwa wametoka kukaanga wamesimama, wakaona namba kubwa na kumeza kidonge cha ziada. Presha ikiwa 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuona vibaya, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo. Ikishuka chini ya 90/60 nawe unayumba, fungua swaumu, lala chini miguu ikiwa juu ya mto, na mtafute daktari. Na kwa mwezi wote usitibu kichwa au mgongo kwa diklofenaki au ibuprofeni: zinapandisha presha, na zikikutana na baadhi ya dawa zake pamoja na upungufu wa maji, zinaumiza figo.

Kuhusu watu 9, kazi nzito ihamie saa 4 asubuhi ukiwa bado na nguvu. Mihogo na magimbi yamenywe na kulowekwa, mbaazi zilizolowekwa usiku zichemshwe, vitunguu vikatwe ukiwa umekaa. Tui lisubiri, kwa sababu likichujwa mapema bila friji linachacha. Nazi ikunwe saa 10 na binti mmoja, si wewe. Kaimati na bajia zipikwe siku mbili kwa wiki. Kinachochosha sana ni kusimama juu ya karai la mafuta saa ya mwisho, na hakuna aliyepungukiwa swaumu kwa kukosa kaimati Jumanne.

Narudi kazini baada ya wiki mbili, mtoto atakuwa na wiki 12. Nitakuwa mbali naye saa 9 kwa siku. Nikikamua maziwa hayafiki hata nusu kikombe. Friji ipo ila umeme hukatika. Mama mkwe anashauri nianze uji. – Mama mpya, Mwanza

Uji usubiri hadi miezi sita itimie. Kabla ya hapo unachukua nafasi ya maziwa tumboni, matiti yanapunguza kutengeneza, na unaleta hatari ya kuhara.

Kwanza haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Pia inamtaka mwajiri ampe anayenyonyesha muda wa kumnyonyesha mtoto saa za kazi, usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi huzikosa saa hizo kwa sababu huziomba kwa mdomo siku ya kwanza. Andika barua wiki moja kabla, ukitaja unavyotaka kuzitumia: kwa mfano kutoka saa 9 badala ya 11, au mtoto kuletwa saa 6 mchana.

Kiasi anachohitaji mtoto wa umri huo ni mililita 30 hadi 45 kwa kila saa unayokuwa mbali. Kwa saa 9 ni kati ya 270 na 405, na ukimwona mara moja mchana kinapungua. Nusu kikombe unachopata sasa si kidogo kama unavyodhani, kwani mtoto bado ananyonya siku nzima na wewe unakamua mabaki. Anza leo, mara moja kwa siku, saa moja baada ya kumnyonyesha asubuhi.

Wengi huvuta chuchu, ndiyo maana inauma na hakitoki kitu. Osha mikono, weka kitambaa cha vuguvugu kwenye titi dakika mbili, kisha weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita mbili hadi tatu nyuma ya chuchu. Bonyeza kuelekea kifuani, halafu vidole vikutane, halafu achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Zungusha mkono ili kila upande ukamuliwe, na maziwa yakipungua, baada ya dakika tatu hadi tano, hamia titi la pili, kisha urudi. Kazi nzima ni dakika 20 hadi 30.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Nyumba yenye joto zaidi ipunguze muda huo. Kwenye friji ni siku nne, yakiwekwa nyuma kabisa na si mlangoni, na kila chombo kiandikwe tarehe na saa. Kwenye kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu ni saa 24, na hicho ndicho kitakachokuokoa njiani. Umeme ukikatika usifungue friji: isipofunguliwa huhifadhi ubaridi kama saa nne. Pasha kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi, si juu ya jiko. Anywe kwa kikombe kidogo badala ya chupa, kwa sababu kikombe kinasafishika na hakina chuchu ya plastiki inayoficha uchafu. Kilichobaki baada ya kunywa kimalizwe ndani ya saa mbili au kimwagwe.

Wewe mwenyewe ongeza mlo mmoja, kama sahani ya ugali na maharage, na glasi ya maji kila unaponyonyesha. Titi likivimba kipande, likawa la moto na ukapata homa, endelea kunyonyesha upande huohuo na uende kituo cha afya siku hiyo au inayofuata. Kama unategemea kunyonyesha kuwa uzazi wa mpango, kinga yake inapungua ukianza kuachana na mtoto kwa saa nyingi, hivyo ongea na muuguzi kabla ya kurudi kazini. Na huzuni au kulia kusikokwisha, hamu ya kitu chochote kutoweka, mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto: mawili ya kwanza yakivuka wiki mbili, au hilo la mwisho likikujia hata mara moja, mwambie muuguzi wazi.

Mama mkwe mchukue kliniki siku ya chanjo, amsikie muuguzi mwenyewe. Kisha mfundishe kupasha maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Mara nyingi anayesisitiza uji ni yule atakayebaki na mtoto analia bila kujua la kufanya.

Mke wangu analalamika simsaidii. Nikimwambia "niambie nifanye nini" ndiyo anazidi kukasirika. – Baba wa wawili, Dodoma

Bwana, kukuambia ufanye nini ni kazi pia, na ndiyo inayomchosha. Chukua jambo moja zima, mwanzo hadi mwisho. Kwa mfano kliniki ya mtoto: wewe ndiye ukumbuke tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, uombe ruhusa kazini, uandae nguo za kubadilisha na maji, uende, urudi na kueleza walichosema. Usimpigie kuuliza kadi iko wapi. Mwezi unaofuata ongeza la pili, labda mahitaji ya shule: daftari, ada, viatu vinavyobana. Utafanya tofauti na yeye, na yeye itabidi avumilie daftari za rangi asiyoipenda. Mwambie hivyo mapema. Kisha achague usiku miwili kwa wiki ambao wewe ndiye unayeamka mtoto akilia.

Mama yetu alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi na hawezi kujigeuza. Tunamhudumia mimi na mdogo wangu. Mgongo wangu umeanza kuuma vibaya na usiku hatulali sote. Tunaogopa vidonda. – Binti mkubwa, Mombasa

Poleni, na mmpe mama salamu zetu. Mnaharibu nguvu sehemu mbili: mnakesha wote, na mnamnyanyua badala ya kumtelezesha.

Usiku ugawanywe. Mmoja ashike kuanzia saa 3 hadi saa 8 usiku, mwingine alale chumba kingine mlango ukiwa umefungwa, kisha mbadilishane. Kila mmoja atapata saa tano mfululizo, na hizo zina faida kuliko saa saba za kushtuka shtuka. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, na karatasi ya saa na upande ibandikwe ukutani. Bila karatasi mtabishana saa 9 usiku nani alimgeuza.

Kitanda kipandishwe hadi usawa wa nyonga zenu, kwa magogo mapana yaliyochongwa shimo la mguu wa kitanda, si matofali yaliyopangwa tu. Chini ya mama kuwe na shuka imara iliyokunjwa mara mbili, kutoka mabegani hadi mapajani. Kumgeuzia kushoto, mmoja asimame kushoto na mwingine kulia. Kunja goti lake la kulia, weka mkono wa kulia juu ya tumbo, kisha mvute shuka pamoja mkihesabu, mkikunja magoti yenu, mguu mmoja mbele. Mto uwekwe nyuma ya mgongo ili ainame kidogo tu badala ya kulalia nyonga yenyewe, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mkono wa kulia usivutwe kamwe. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishika, na mvuto mmoja unaweza kulitegua.

Kumhamishia kwenye kiti, kiti kiwekwe upande wake wa kushoto, wenye nguvu, na breki zifungwe kama ni cha magurudumu. Mfungeni leso imara kiunoni mpate pa kushika. Asikushike shingo, maana hapo uzito wake wote unaning'inia kwenye uti wa mgongo wako. Huenda maumivu yako yalianzia hapo.

Kagueni ngozi kila asubuhi: mkiani, nyonga, visigino, viwiko, masikio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuteni mahali palipokolea rangi, palipo na joto au pagumu kuliko pembeni. Mkipaona, asipalalie hadi parudi kawaida, na msipachue wala kupapaka spiriti. Kuchua kunaumiza zaidi nyama iliyokosa damu. Ngozi ikifunguka, mwiteni muuguzi siku hiyo.

Chakula apewe akiwa ameketi wima, kidevu kimeshuka kidogo, kwa kijiko cha chai, na abaki wima nusu saa baadaye. Akikohoa kila anapokunywa maji au sauti ikawa kama ina maji ndani, chakula huenda kinaingia njia ya hewa. Mjulisheni daktari mapema, kwa sababu hilo huleta homa ya mapafu.

Mgongo wako ukiambatana na ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au mguu kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama mna ndugu walio mbali, waombeni kitu chenye bei: mshahara wa msaidizi wa siku moja kwa wiki, kila mwezi, tarehe inayojulikana. "Tusaidieni" huleta pole na maombi tu.

Mwezi huu nina vikao vya harusi vitatu na kila kikao kinaisha saa 5 usiku. Nina watoto wadogo. Nikikosa watasema najitenga. – Shangazi mtu, Morogoro

Lipa mchango mapema, kabla ya kikao cha pili, maana anayesemwa sana ni asiyelipa. Hudhuria cha kwanza na cha mwisho. Cha katikati omba kazi inayofanyika nyumbani mchana, kama kufuatilia walioahidi au kuulizia bei za mapambo, na siku ya kikao mtumie katibu ujumbe saa 11 jioni: "Shikamooni. Leo sitafika, watoto wako peke yao. Niliowafuatilia ni kumi, saba wamelipa, majina nimekutumia. Mkiniongezea wengine nitawapigia kesho mchana."